MAONI YETU: KALIBU ZA MCHANGA ZICHAPWE, LAKINI MCHORO UBAKI KWETU



Majani ya chai hayamngoji mtu. Ye yote afanyaye kazi katika viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Nyankoba, Tombe, Kiamokama au Nyamache ajua jambo hili kuliko sisi tuandikao. Jani huchumwa asubuhi, hufika kiwandani kabla ya usiku, hunyaushwa kwa saa nyingi, na likisha kunyauka halina budi kusagwa. Sasa nyumba ya beringi ikipasuka saa nane za usiku, au impela ya pampu ya boila ikiliwa mpaka haisukumi maji tena, jani halijui kama kipuri kiko Nairobi au kiko Bara Hindi. Laharibika. Mkulima hupoteza malipo yake, na yule kibarua wa msimu huambiwa, "Nenda nyumbani, tutakuita." Siku za kungoja kuitwa hazilipwi.

Kwa sababu hiyo twataka katika toleo hili kusema juu ya jambo ambalo wanachama wa matawi kadhaa wametuuliza. Mafundi vijana waliotoka vyuoni wamekuwa wakieleza habari za mashine ichapayo kalibu za mchanga, kisha chuma kikamiminwa ndani ya kalibu hizo kikatoka kipuri kizima, pasipo mtu kuchonga mti wo wote. Wengine wamefurahi wakasema taabu ya vipuri imekwisha. Wengine, hasa wazee waliojifunza kuchonga vielelezo, wameona kuwa mashine hiyo yaja kuwanyang'anya kazi. Sisi twaona pande zote mbili zimeitazama mashine, nazo hazikutazama mchoro. Mashine yaweza kukaa po pote. Mchoro wa kipuri, pamoja na akili ya kuuchora vizuri, ndiyo mali yenyewe, na mali hiyo yapasa kukaa mikononi mwa mafundi wa Kisii na Nyamira.

Tuanze na kazi ya zamani, maana asiyeijua hii hataielewa ile mpya. Fundi wa kusubu huanza na kielelezo cha mti chenye umbo la kitu anachokitaka. Hukizika katika mchanga wenye unyevu na udongo kidogo, ndani ya masanduku mawili yaliyopandana; huushindilia mchanga, huyatenganisha masanduku, hukitoa kielelezo polepole, kisha huyafunga masanduku tena. Pale ulipokuwa ule mti ndipo metali iliyoyeyuka huingia. Kama kitu kina uwazi ndani, mfano wa bomba, hutiwa kiini cha mchanga uliokaushwa ukawa mgumu. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa jua kali wanaosubu sufuria za alumini. Ndivyo zilivyofanywa puli za mashine za kusaga mahindi, na ndivyo zilivyofanywa mbavu za chuma za mashine za kumenya buni katika vyama vya ushirika vya kahawa huku Gusii, ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda zao hilo tangu miaka ya 1930, mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya.

Kazi hiyo ina sheria zake. Kielelezo hufanywa kikubwa kidogo kuliko kitu chenyewe, kwa maana metali ikipoa hunywea: chuma cha kusubu hunywea kiasi cha 1 katika 100, alumini huzidi hapo kidogo, na chuma cha pua hukaribia 2 katika 100. Kuta za kielelezo huinamishwa digrii moja, mbili au tatu, ili kitoke bila kuubomoa mchanga. Na kila mahali penye pembe ya kuingia ndani pana taabu, kwa kuwa mti ukishaingia hapo hautoki. Fundi hulazimika kukigawa kielelezo vipande, au kuongeza viini vingi na kuviunganisha kwa gundi, kila kimoja kikiwa na nafasi yake ya kukaa upande. Vipuri vingi tunavyoviona vizito na vinene vimekuwa hivyo, si kwa sababu mashine yataka uzito huo, ila kwa sababu mti ulitaka kutoka mchangani.

Mashine mpya haina kielelezo. Ina sanduku kubwa. Mkono wa mashine hutandaza mchanga mkavu tabaka jembamba, yapata sehemu tatu za kumi za milimita. Mchanga huo umekwisha changanywa na dawa kali kidogo ya asidi. Kisha kichwa chenye matundu madogo mengi hupita juu yake kikinyunyiza gundi pale tu mchoro unapoamuru, na gundi ikikutana na ile dawa hukaza. Sakafu ya sanduku hushuka kidogo, tabaka jingine hutandazwa, kichwa hupita tena. Kalibu yenye kimo cha milimita 300 huhitaji tabaka kama 1,000. Mwisho wake mtu hufukua mchanga usioshikana, akaupangusa kwa brashi na kuupuliza kwa hewa, na ndani yake akaikuta kalibu ngumu, pamoja na viini vyake, tayari kupakwa rangi ya kuzuia moto na kumiminiwa chuma.

Jambo hili si la jana. Emanuel Sachs na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, waliiombea njia hii hati ya uvumbuzi mwaka 1989, nayo ikatolewa mwaka 1993. Kampuni kama voxeljet ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1999, na ExOne ya Marekani, ziliigeuza ikawa mashine za viwandani. Katika Afrika yetu hii, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vaal huko Afrika Kusini kimeitumia kuwasaidia wenye viwanda vya kusubu wa nchi ile. Basi asije mtu Kisii akatuuzia habari hizi kama muujiza ulioshuka juzi.

Na wale wazee twapenda kuwaambia hivi: metali imebaki ile ile. Alumini bado huyeyuka kwenye digrii 660, chuma cha kusubu bado chahitaji kupita 1,150, na kabla ya kumiminwa hupashwa zaidi ya hapo. Tanuri ni lile lile, na macho ya mtu anayejua rangi ya chuma kilichoiva ni yale yale. Kilichobadilika ni sheria za umbo, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Kwanza, hakuna tena haja ya kuinamisha kuta, maana hakuna mti wa kutolewa. Pembe ya kuingia ndani si kosa tena. Impela ya pampu, lile gurudumu lenye mapanga yaliyopinda ndani kwa ndani, ambalo zamani lilihitaji viini vingi vya kuunganishwa, sasa huweza kupata kiini kimoja tu kilichochapwa pamoja, na mapanga yote yakawa sawasawa. Namba ya kipuri, jina la mashine na mwaka huweza kuandikwa ndani ya kalibu yenyewe, vikatoka vimesimama juu ya chuma. Mbavu za kutia nguvu zaweza kuwekwa pale zinapohitajika, na unene usio na kazi ukaondolewa.

Lakini kijana akidhani kwamba sasa kila kitu chawezekana, atamwaga chuma cha bure. Mchanga usioshikana ulio ndani ya njia nyembamba hauna budi kuwa na mahali pa kutokea. Usipotoka, chuma hakitaingia hapo. Na hata baada ya kusubu, kiini nacho ni lazima kivunjwe na kutolewa ndani ya kipuri, sasa mtu atakitoaje kama ameacha tundu dogo kama la sindano? Tena ile gundi ikiungua kwa joto la chuma hutoa moshi na hewa. Isipowekewa njia ya kutoka, hewa hiyo huingia katika chuma na kukifanya kama mkate. Mashine haimwambii mchoraji mambo haya. Itachapa upumbavu kwa usafi ule ule itakaochapia hekima.

Na yako mambo ambayo hayakubadilika hata kidogo. Ukuta mnene ukikutana na ukuta mwembamba, ule mwembamba huganda kwanza, na ule mnene hubaki na kiu. Chuma kikinywea hutafuta chuma kingine cha kujaza pengo, kisipopata hufanya tundu ndani, tundu ambalo hulioni mpaka siku kipuri kinapovunjika. Kwa hiyo mchoraji huweka kisima cha chuma cha akiba juu ya mahali palipo panene, ili kilishe mpaka mwisho. Zamani kisima kilikuwa duara refu kama mkebe, kwa kuwa ndilo umbo lililotoka mchangani kwa urahisi. Kalibu ikichapwa, kisima chaweza kuwa mviringo kama chungwa, na mviringo hutunza joto kuliko umbo jingine lo lote la ujazo uo huo, kwa hiyo chuma kidogo hutosha. Hali kadhalika mfereji wa kuingizia metali. Alumini ikiingia kwa kasi inayozidi kama nusu mita kwa sekunde, hujikunja na kumeza ngozi yake yenyewe, na ngozi hiyo hubaki ndani kama ufa. Katika kalibu ya kuchapwa mfereji waweza kupindwa na kupanuliwa hata metali iingie kwa upole. Haya yote huamuliwa mezani, kabla ya mchanga kuguswa.

Wachongaji wa Tabaka wataelewa upesi kuliko wengine, ijapokuwa kazi yao ni kinyume. Wao huondoa jiwe wakaacha umbo. Mchoraji wa kalibu hupanga mahali patakapokuwa patupu, maana patupu ndipo patakapokuwa chuma. Akili ya kuona umbo kabla halijawako ni ile ile, na katika sehemu zetu haikosekani.

Sasa tuwaeleze kwa nini twasema fundi wa kiwandani ndiye afaaye kushika kalamu. Katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji, wanachama walituonyesha nyumba ya beringi iliyopasuka mara tatu katika miaka michache, na mara zote ilipasuka pale pale, penye kona kali ambapo mguu wake hukutana na duara. Mara zote tatu ikaagizwa nyingine ya namna ile ile, yenye kona ile ile. Fundi wa zamu alikuwa amekwisha kusema tangu mara ya kwanza kwamba kona ile yafaa kuzungushwa na mguu upunguzwe unene. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu yeye ni mtu wa spana, na kipuri huagizwa na ofisi kwa namba iliyo kitabuni.

Yule fundi alisema kweli, na alikuwa na sababu mbili bila kujua ya pili. Kona kali hukusanya nguvu zote za mtikisiko mahali pamoja. Hiyo aliiona kwa macho. Tena kona kali penye mguu mnene ndipo chuma kinapoganda mwisho, ndipo tundu la ndani linapofanyika. Kipuri kile kilizaliwa na ugonjwa. Katika njia ya zamani, kuirekebisha kona hiyo kungetaka kielelezo kipya au kuchongwa upya kwa kile cha zamani, kwa gharama ambayo hakuna aitoaye kwa ajili ya kipande kimoja. Katika njia ya kuchapa, ni kubadili mstari katika mchoro. Kwa hiyo faida kubwa ya mashine hii kwa watu wetu, kwa maoni yetu, ni kwamba neno la fundi wa zamu laweza kuingia katika chuma kabla ya kipuri cha nne kuvunjika. Wepesi na uzuri wa vipuri twauweka nyuma ya hilo.

Lakini ili liingie, ni lazima awe na mchoro mikononi mwake, si namba ya kitabu. Na mchoro haupatikani kwa kukitazama tu kipande. Kipande kilicholiwa ukikipima kwa vernia na kukinakili jinsi kilivyo, umenakili uchakavu. Wapo wanaosifu vyombo vya kupiga picha ya umbo kwa mwanga. Navyo vitaunakili uchakavu huo kwa uaminifu mkubwa zaidi. Anayejua mahali palipoliwa, kwa kiasi gani, na kwa sababu gani, ni yule aliyeishi na mashine hiyo miaka 10. Yeye ndiye atakayesema hapa paongezwe milimita mbili au tatu za kukerezwa, hapa pasiguswe, hapa palikuwa na kipenyo hiki kabla shafti haijaanza kucheza.

Wengine wamependekeza kwamba zile kaunti mbili zinunue mashine hiyo na kuiweka mjini Kisii. Sisi hatukubali, walau kwa sasa, na twasema wazi ingawa twajua maneno haya hayatawapendeza wote. Mashine kubwa ya namna hiyo huhesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya shilingi. Yataka gundi yake, mchanga wake uliochujwa kwa kipimo kimoja, na mtu wa kuitunza. Tumekwisha ona mitambo iliyofunguliwa kwa ngoma na hotuba ikabaki inafunikwa kwa turubai. Tena kalibu ya mchanga ni nzito na hubomoka. Haifai kuchapwa mahali pamoja na kusafirishwa kwa barabara hadi kwenye tanuri la mahali pengine. Mashine yafaa kukaa penye tanuri la chuma. Matanuri ya jua kali huyeyusha alumini bila taabu, lakini chuma cha kusubu ni habari nyingine, nacho ndicho kinachovunjika viwandani.

Basi mchoro usafiri, kalibu zichapwe penye tanuri, na kipuri kirudi kwa basi. Nchi hii haianzi na mikono mitupu. Ile Numerical Machining Complex ya Nairobi ilizaliwa kutokana na mradi wa gari la Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 na kuonyesha magari yake mwaka 1990. Gari halikufika sokoni, lakini kazi ya kusubu na kukereza vipuri ilibaki. Nayo KTDA ina kampuni yake ya mitambo ya chai, TEMEC. Mashine moja ya kuchapa kalibu, ikiwekwa katika taasisi ya umma yenye tanuri, na ikipokea michoro kutoka kila sehemu ya chai, kahawa na sukari, yaweza kupata kazi ya kutosha. Mashine katika kila kaunti haiwezi.

Tena si kila kipuri kistahilicho kuchapiwa kalibu. Gharama ya kielelezo cha mti hulipwa mara moja, ikagawanywa kwa vipande vyote vitakavyosubiwa. Gharama ya kalibu ya kuchapwa hulipwa kila mara upya. Fito za chuma za wavu wa boila ni nyingi, zafanana, na umbo lake ni jepesi. Ukizichapia kalibu umetupa fedha. Puli ya mashine ya kusaga vile vile. Mchonga vielelezo, basi, kazi yake haijaisha. Lakini impela moja ya pampu ambayo mtengenezaji wake amekwisha funga duka, au nyumba ya giabox ya mashine kuukuu ambayo hakuna aliye na kielelezo chake, hiyo ndiyo ya kuchapiwa. Na kwa mashine kuukuu hakuna wa kututisha na sheria ya uvumbuzi, maana hati ya uvumbuzi humalizika baada ya miaka 20.

Liko pia jambo la katikati, ambalo laweza kuanza mwezi huu. Zipo mashine ndogo za kuchapa plastiki ambazo bei yake ni chini ya bei ya pikipiki moja. Hazichapi kalibu, lakini huchapa kielelezo, nacho huzikwa katika mchanga wa kawaida badala ya mti. Hapo sheria za zamani zinarudi, kuta ziinamishwe na kielelezo kitoke, lakini fundi huwa amekwisha jifunza kuchora. Programu za kuchora zisizolipiwa zipo, FreeCAD ni mojawapo, na Kisii National Polytechnic iko hapa hapa mjini. Mwenye kuchora kwa ajili ya plastiki leo atachora kwa ajili ya mchanga kesho.

Hapa twafika kwenye neno letu kwa waajiri. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa ajili ya kila mfanya kazi, na fedha hizo huenda kwa NITA kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Mwajiri aliyewafundisha watu wake kwa kufuata utaratibu aweza kudai kurudishiwa gharama. Twauliza: ni mafundi wangapi wa viwandani, si makarani, si wakubwa, waliopelekwa kujifunza kuchora kwa fedha hizo? Wanachama waulize swali hili katika kila mkutano na mwajiri, na jibu liandikwe. Twataka mafundi wajifunze kuchora katika saa za kazi, kwa mshahara wao kamili. Twataka atakayefaulu apandishwe gredi. Na twataka mchoro uliofanywa na fundi uwe na jina lake, na nakala yake ikae kiwandani, si katika kompyuta ya mwuzaji wa vipuri peke yake. Mwuzaji akiwa na mchoro na sisi tukawa na kipande tu, tutakuwa tumebadilisha namba ya kitabu kwa namba nyingine.

Tukiyasema haya twakumbuka jirani zetu. Mwezi wa Mei 2023, kule Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu waliokosa kazi, na damu ikamwagika. Hatuwezi kusema kwamba hasira ile haikuwa na sababu. Mashine zile ziliingia shambani na wachumaji wakatoka, na hakuna aliyekaa nao kwanza. Mashine ya kuchapa kalibu si ya namna ile, haifukuzi mamia ya watu. Lakini yaweza kumfanya fundi kuwa mtu wa kufungua sanduku na kufunga bolti tu, na akili yote ikahamia kwingine. Ndiyo maana twataka makubaliano kabla ya mashine.

Juu ya mapafu tutasema kwa ufupi, lakini twataka lisikiwe. Mchanga wa kusubia ni silika. Ukiwa mkavu na laini, vumbi lake huingia mapafuni lisitoke, na ugonjwa wake hauna dawa. Katika kalibu za kuchapwa, mtu anayefukua na kupuliza mchanga kwa hewa yumo hatarini kuliko yule wa zamani aliyefanya kazi na mchanga wenye unyevu. Gundi nayo ina harufu kali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlinde mfanya kazi wake, na kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Vumbi livutwe kwa mashine, na mtu apewe barakoa ya kweli. Na ninyi wa jua kali mnaomimina alumini mmevaa ndala, mmekwisha ambiwa, twawaambia tena: tone moja la maji chini ya metali iliyoyeyuka hulipuka.

Basi twaomba kila tawi, kabla ya mkutano ujao wa wajumbe, lituletee orodha ya vipuri vya chuma vilivyovunjika katika miezi 12 iliyopita. Liandike jina la mashine, mahali kipuri kilipovunjikia, mashine ilisimama siku ngapi, na vibarua wangapi walirudishwa nyumbani bila malipo siku hizo. Mwenye kuweza kuchora kwa penseli achore, hata kama mistari imepinda, na aandike kwa maneno yake ni kwa nini adhani kilivunjika. Orodha hizo ndizo tutakazoziweka mezani mbele ya waajiri na mbele ya Polytechnic.

Na kipande chenyewe kisiuzwe. Tangu biashara ya vyuma chakavu iliporuhusiwa tena mwezi wa Mei 2022, baada ya kupigwa marufuku mwezi wa Januari mwaka ule, wanunuzi wamerudi milangoni na mizani zao, na wengi wetu huwapa kipuri kilichovunjika siku ile ile. Kitiwe alama kwa rangi, kiwekwe stoo, na funguo akae nazo katibu wa tawi mpaka kitakapopimwa.